Mtoto Amegonga Kichwa: Nimpeleke Hospitali?

Ndugu baba na mama, hakuna nyumba yenye mtoto mdogo isiyojua kilio hiki. Mtoto amejifunza kutembea juzi tu. Anamkimbiza kuku, anajikwaa kizingitini, na kichwa kinapiga chini. Kabla hujamaliza kumpangusa machozi, nundu imekwisha kutoka kwenye paji la uso. Jirani mmoja anasema, "Si kitu, watoto wote huanguka." Mwingine anasema, "Kimbia, damu imeingia ndani ya kichwa!" Utamsikiliza nani?

Somo hili litakusaidia kukata shauri, maana hasara iko pande zote mbili. Ukimpeleka kila mtoto mwenye nundu, utatembea kilomita 20 juani, au utakopa franka za pikipiki, na huko mwuguzi atamtazama na kukuambia urudi nyumbani. Lakini ukimwacha yule mmoja aliyeumia ubongo, aweza kulala jioni asiamke asubuhi. Basi shika neno hili tangu mwanzo: usiitazame nundu tu, umtazame mtoto.

NUNDU NI NINI?

Kichwa cha mtoto mchanga ni karibu robo ya urefu wake wote; cha mtu mzima ni karibu sehemu moja ya nane tu. Kwa hiyo mtoto ni mzito juu, na akianguka kichwa hutangulia. Ngozi ya kichwa ina mishipa mingi midogo ya damu. Mishipa hiyo ikipasuka, damu hujikusanya chini ya ngozi, nayo nundu huinuka upesi. Damu hiyo iko nje ya mfupa. Tena mfupa wa paji la uso ni mnene. Kwa hiyo nundu ya mbele, hata ikiwa kubwa, mara nyingi haina hatari. Baada ya siku moja au mbili weusi wake waweza kushuka hata karibu na jicho. Usishtuke kwa hilo.

Mfupa wa upande, juu ya sikio, sivyo ulivyo. Huo ni mwembamba, na kwa ndani yake hupita mshipa wa damu. Mfupa ukivunjika hapo, mshipa waweza kupasuka na damu kujikusanya kati ya mfupa na ubongo. Fuvu ni kama chungu kilichofunikwa: halipanuki. Damu ikiongezeka, ubongo unabanwa. Wala jambo hili haliji papo hapo siku zote. Mtoto aweza kulia, kunyamaza, kucheza kidogo, kisha baada ya saa kadhaa akaanza kulegea. Ndiyo sababu tunasema mtoto aangaliwe.

Mwaka 2009 waganga wa Amerika ya Kaskazini walitangaza habari za watoto zaidi ya 42,000 waliogonga kichwa na kuletwa hospitalini. Walioumia ubongo vibaya hawakufika hata 1 katika kila 100. Nao waganga hao, walipoandika dalili za kuangalia kwa watoto walio chini ya miaka 2, waliweka pia neno la mzazi anayesema, "Mtoto wangu hayuko kama kawaida yake." Kwa hiyo, mama, usione haya kusema hivyo mbele ya mganga. Wewe unamjua mtoto wako kuliko yeye.

MASWALI YA KUJIULIZA KWANZA

1. Je, alilia mara moja? Kulia upesi ni jambo jema. Kama alinyamaza na kulegea, hata kwa muda wa kuhesabu polepole mpaka tano, mpeleke.

2. Alianguka kutoka wapi? Mtoto aliye chini ya miaka 2, akianguka kutoka juu kuliko kiuno cha mama (karibu mita 1), mpeleke. Huyu ndiye mtoto aliyeteleza kutoka mgongoni mwa mtu aliyesimama. Aliyepita miaka 2, kama alianguka kutoka juu ya mita 1 na nusu, yaani karibu na kimo cha mama, mpeleke. Aliyegongwa na pikipiki au na gari, mpeleke bila maswali zaidi.

3. Aligonga mahali gani? Nundu ya upande au ya kisogoni, hasa ikiwa laini na kubonyea kama embe lililoiva, ni ya kuogopwa kuliko ya mbele.

4. Ana umri gani? Asiyetimiza mwaka mmoja hawezi kuonyesha maumivu yake vizuri, basi usikawie kumleta. Aliye chini ya miezi 3 aletwe kila mara akigonga kichwa.

5. Sasa yukoje? Mpe mikono, mwite jina, mpe kitu anachokipenda. Je, anakutazama? Anashika kwa mikono yote miwili? Anatembea kama jana?

MWULIZE YAYA WAKE KWA UPOLE

Mara nyingi mama yuko shambani au sokoni, na mtoto amebebwa na dada yake wa miaka 8. Mtoto akimwanguka, dada huyo aogopa fimbo, naye atanyamaza. Jioni mama amkuta mtoto analegea, hajui sababu. Kwa hiyo usimpige yaya anayesema kweli. Mwambie, "Asante kwa kuniambia. Alianguka wapi? Alilia?" Ukimpiga leo, kesho ataficha, na habari aliyoificha ndiyo mganga aliyoihitaji. Tena, mtoto mdogo asipigwe makofi ya kichwa, wala asitikiswe kwa nguvu ili anyamaze. Kutikiswa peke yake kwaweza kupasua mishipa ya ubongo hata bila nundu yo yote.

DALILI ZA KUONDOKA SAA ILE ILE

– Amezimia, au ni vigumu kumwamsha.
– Ametapika mara mbili au zaidi. Kutapika mara moja baada ya kulia sana, kisha akacheza, si neno. Lakini endelea kumwangalia.
– Ameshikwa na degedege.
– Analia bila kutulizika hata akishikwa na mama, au anakataa kunyonya na kula.
– Maji meupe au damu vinatoka puani au sikioni.
– Mboni moja ya jicho ni kubwa kuliko nyingine. Tazama kwenye mwanga wa mchana au wa tochi.
– Mkono au mguu mmoja umelegea, au anapepesuka.
– Macho yote mawili yamezungukwa na weusi, au kuna weusi nyuma ya sikio, naye hakugonga mahali hapo.
– Utosi wa mtoto mchanga umevimba hali ametulia.
– Mfupa umebonyea, au kidonda ni kirefu na damu haikomi.

Dalili moja yatosha. Usingoje ya pili.

KAMA HAKUNA DALILI

Basi kaa nyumbani kwa moyo mtulivu, ukifanya haya. Weka kitambaa cha maji baridi juu ya nundu kwa dakika 10. Usiikande kwa maji ya moto, usiisugue, wala usiichanje kwa wembe. Akiwa na maumivu, mpe parasetamoli kwa kadiri ya uzito wake: mtoto wa kilo 10 hupewa robo ya kidonge cha miligramu 500, na asipewe tena kabla ya saa 6 kupita, wala zaidi ya mara 4 kwa siku. Usimpe aspirini, maana huzuia damu kuganda.

Watu wengi husema mtoto aliyegonga kichwa asiachwe kulala. Sivyo. Mtoto aliyelia huchoka, na saa yake ya kulala ikifika, alale. Lakini usiku wa kwanza alale karibu nawe, na umwamshe mara mbili. Akinung'unika, akikutambua, akitafuta ziwa, mwache aendelee kulala. Asipoamka kama kawaida, ondoka. Saa 6 za kwanza ndizo za kuangaliwa sana; endelea kumwangalia mpaka siku mbili zipite.

USISAHAU MALARIA

Nundu haileti homa. Kama mtoto ameanguka asubuhi, na jioni mwili ni wa moto, anatapika na kusinzia, labda malaria ilikuwa imemlegeza hata akaanguka. Wengine huona degedege na kusema, "Ni malaria tu," wakasahau kwamba jana alianguka. Nyumbani huwezi kutenga mambo hayo mawili. Mlete, ueleze yote mawili, apimwe damu na kuangaliwa kichwa.

KAMA HOSPITALI NI MBALI

Anayekaa karibu aweza kungoja na kutazama. Anayekaa mbali inampasa kukata shauri mapema, wakati jua lingali juu na njia ni kavu. Mtoto mwenye nundu ya upande, hata kama anacheza sasa, usingoje usiku naye kijijini. Nenda ukalale kwa ndugu walio karibu na hospitali. Wapigie simu wauguzi wa kituo cha afya kama una namba yao.

Mtoto aliyezimia mlaze ubavu ili matapishi yasimzibe pumzi, wala usimpe maji. Aliyeanguka kutoka juu sana asifungwe mgongoni kwa kikwembe. Mbebe juu ya ubao au machela, mtu mmoja akishika kichwa kisigeuke.

Ukifika, usikasirike ukiambiwa, "Kaa hapa mpaka kesho," bila sindano wala dawa. Mashine ya kupiga picha ya ubongo iko katika miji mikubwa. Hospitali nyingi za vijijini hazina. Mwuguzi anayekuja kila saa kumwita mtoto na kumulika macho yake anafanya kazi kubwa: akiona badiliko, atajua mapema kwamba mtoto huyo apelekwe mbele.

Somo hili lisibaki kwa mama peke yake. Leo jioni wasomee watoto wakubwa wanaobeba wadogo zao, uwaulize dalili moja moja mpaka wazijue. Wao ndio watakaokuwa nyumbani siku mtoto atakapoanguka.