Umetaboli, Unene na Umri: Maneno Tuyatumiayo na Maana Zake

Miongoni mwa istilahi za elimu ya mwili ambazo wafasiri huziuliza mara kwa mara, umetaboli ni mojawapo ya zile zenye kuleta taabu kubwa. Taabu yenyewe si kwamba neno halipo. Lipo, na limekwisha kuingizwa katika kamusi. Taabu ni kwamba neno hili sasa limetoka katika vitabu vya wataalamu na kuingia katika mazungumzo ya watu waliovuka miaka arobaini, ambao wanaona nguo zinawabana, wanapunguza chakula bila ya kuona nafuu, na wanaambiwa kwamba sababu ni umri: umetaboli umepungua. Wakiuliza umetaboli ni kitu gani, jibu walipatalo aghalabu ni kwamba ni mmeng'enyo wa chakula. Katika makala hii tunakusudia kuonyesha kwa nini jibu hilo si sahihi, na ya kuwa madhara yake hayaishii katika kurasa za kamusi.

Mmeng'enyo, ambao wengine huuita usagaji wa chakula, ni kazi inayotendeka ndani ya mfereji wa chakula, tangu kinywani hadi utumboni. Ugali na maharage hulainishwa na kuvunjwavunjwa mpaka vipatikane vijisehemu vidogo, kama vile glukosi na asidi amino, viwezavyo kupenya ukuta wa utumbo na kuingia katika damu. Hapo mmeng'enyo umekwisha. Umetaboli ni jambo jingine kabisa: ni jumla ya mabadiliko yote ya kikemia yatendekayo ndani ya seli hai. Ndani yake mna kuvunja glukosi na shahamu ili nishati ipatikane, kujenga protini za misuli, kuweka akiba na kuifungua akiba. Mtu aliyelala alfajiri, ambaye hakula kitu tangu jioni, hana chakula cha kumeng'enya. Lakini umetaboli wake unaendelea, na siku ukisimama, mtu huyo amekufa.

Sasa na tumfikirie msomaji wa kijarida cha afya aliyeandikiwa kwamba mmeng'enyo wa chakula hupungua kasi kadiri umri unavyoendelea, na ndiyo sababu watu hunenepa. Ataelewa kwamba chakula kinakaa tumboni mwake muda mrefu mno. Na dawa ya chakula kinachokaa tumboni anaijua tangu utotoni: ni haluli. Atakunywa haluli, au maji ya sanamaki, ataendesha siku mbili, kisha atapanda juu ya mizani na kuona amepungua kilo moja na nusu. Atafurahi. Lakini kilo hiyo na nusu ni maji na choo, shahamu haikuguswa. Akinywa maji uzito hurudi, naye huirudia dawa. Kuharisha mara kwa mara hupoteza madini ya mwili, hasa potasiamu, ambayo moyo unaihitaji ili uweze kupiga sawasawa. Hivyo neno moja lililofasiriwa kwa haraka laweza kumfikisha mtu mzima hospitalini.

Asili ya umetaboli ni neno la Kiyunani lenye maana ya badiliko. Wajerumani wana neno lao wenyewe, ambalo maana yake ni mabadilishano ya mada. Waarabu husema istiqlab, kutokana na mzizi wenye maana ya kugeuza. Nasi tungeweza kusema mageuzi ya mwili, na tafsiri isingekuwa mbaya, lakini tangu miaka ya 1990 neno mageuzi limeshikwa na siasa ya vyama vingi, wala hatudhani kwamba mgonjwa angefaidika kuambiwa kuwa mageuzi yake yamedorora. Kwa hiyo maoni yetu ni kwamba umetaboli libaki, kwa sharti kwamba mahali linapotumiwa kwa mara ya kwanza katika maandishi ya watu wote lifuatwe na maelezo mafupi: jinsi seli za mwili zinavyotumia chakula.

Neno la pili linalohitaji kuangaliwa ni kasi. Umetaboli hupimwa kwa kiasi cha nishati ambacho mwili hutumia kwa muda fulani, kwa kawaida siku moja. Mtu asemapo kasi ya umetaboli, msomaji huona kitu kinachokwenda mbio, na mawazo yake hurudi tena kwenye chakula kinachopita tumboni. Tungependelea kusema matumizi ya nishati kwa siku. Nishati itumikayo mwili ukiwa umetulia kabisa, kwa ajili ya moyo, ubongo, ini, figo na kupumua, twaweza kuiita matumizi ya msingi. Kwa mtu asiyefanya kazi za sulubu, hayo peke yake ni yapata asilimia 60 hadi 70 ya matumizi yote.

Kuhusu kuunguza mafuta, msemo uliokwisha kuenea katika redio na magazeti, hatuupendi sana. Ni kweli kwamba Lavoisier, alipofanya majaribio yake huko Ufaransa katika miaka ya 1780, alionyesha kwamba kupumua ni mwako wa polepole, na kwa hiyo moto haukuzuliwa bure. Lakini katika Kiswahili anayeunguza ni mpishi asiye makini. Neno tumia latosha: mwili hutumia shahamu yake. Na shahamu ni bora kuliko mafuta, kwa kuwa mafuta ni ya kupikia, ya kujipaka, ya taa na ya gari pia.

Tuje sasa kwenye umri wenyewe, maana hapa istilahi imeitangulia elimu. Mwaka 2021 kundi la wataalamu wakiongozwa na Herman Pontzer lilichapisha katika jarida la Science matokeo ya vipimo vya watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, wenye umri wa siku 8 hadi miaka 95. Njia iliyotumika ni ya kumnywesha mtu maji yenye hidrojeni nzito na oksijeni nzito, kisha kupima jinsi zinavyotoka mwilini. Tofauti yake hudhihirisha hewa ya ukaa iliyotolewa, na kwa hiyo nishati iliyotumika. Walipozingatia ukubwa wa mwili na kiasi cha misuli, waliona kwamba matumizi ya nishati hayabadiliki tangu miaka 20 hadi 60. Baada ya 60 ndipo hupungua, tena kwa chini ya asilimia moja kwa mwaka. Sentensi isemayo kwamba umetaboli wa mtu hulegea afikapo miaka arobaini, basi, haina msingi imara hata ikifasiriwa kwa ufasaha wote.

Kinachobadilika kati ya miaka 30 na 60 ni mwili wenyewe na mwenendo wake. Misuli hupungua kidogo kidogo isipotumiwa. Mtu aliyekuwa akitembea kwenda shamba au kituo cha basi sasa ana gari na kiti cha ofisini. Kipato kimeongezeka, na nyama choma imekuwa ya kila wiki badala ya sikukuu. Kwa wanawake, hedhi inapokoma shahamu huelekea zaidi kukaa tumboni. (Tuseme kwa kupita kwamba kitambi na msuli yote mawili ni majina ya nguo pia, ni kama kwamba lugha ilijua kuwa mmoja utavuliwa na kingine kuvaliwa.)

Upungufu huo wa misuli uzeeni ulipewa jina la kitaalamu na Irwin Rosenberg mwishoni mwa miaka ya 1980, kutokana na maneno ya Kiyunani yenye maana ya nyama na umaskini. Tafsiri iliyo karibu zaidi ni ukata wa misuli, na wapo watakaoipenda kwa sababu ni fupi na imetoka moja kwa moja katika hazina yetu. Sisi tunaiogopa. Mzee akiambiwa na daktari kwamba ana ukata wa misuli, atadhani misuli yake imekatwa, au inangojea kukatwa. Tunaona ni salama zaidi kusema kupungukiwa misuli, na kuwaachia wataalamu sakopenia katika maandishi yao.

Kalori nayo ina mtego wake. Katika fizikia ni kipimo kidogo sana, na kile kinachotajwa katika habari za chakula ni kilokalori, yaani kalori 1,000. Kijarida kinachoandika kalori 2,000 kwa siku kikikusudia kilokalori kimekosea mara elfu, ingawa hakuna aliyekufa kwa hilo kwa kuwa wote hukosea pamoja. Tunashauri kilokalori iandikwe kwa ukamilifu na kupewa mfano wa jikoni. Kilokalori 100, kwa mathalani, ni kama gramu 11 za mafuta ya kupikia, au vikombe viwili vya chai ambavyo kila kimoja kimetiwa vijiko vitatu vidogo vya sukari. Mfano huo humfaa msomaji kuliko maneno mengi juu ya umetaboli wake.

Asije mtu akadhani kwamba mazoezi peke yake yatamaliza kazi. Vipimo vilivyofanywa kwa Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi na kuchapishwa mwaka 2012 vilionyesha kwamba, ukubwa wa mwili ukizingatiwa, watu hawa wanaotembea sana wakiwinda na kuchimba mizizi hutumia kwa siku nishati isiyotofautiana na ya watu wa Marekani na Ulaya. Mwili hubana matumizi mahali pengine. Hubana pia mtu ajinyimapo chakula kupita kiasi; na hapa tunafurahi kwamba kubana matumizi, msemo wa bajeti za Serikali, unalieleza jambo hili la seli barabara, bila ya kukopa neno lolote. Mazoezi, hasa ya kunyanyua vitu vizito, yana faida kubwa ya kuhifadhi misuli. Upungufu wa uzito hutokana zaidi na sahani.

Limebaki neno lililo gumu kuliko yote, nalo ni jina la tendo lenyewe. Kukonda hakufai. Kwetu aliyekonda huulizwa anaumwa nini, na tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walipotambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, neno hilo limebeba hofu zaidi. Wapo watu wenye kisukari walioshauriwa kupungua na wakaona haya kufanya hivyo, kwa kuchelea maneno ya majirani. Kudhoofu ni kubaya zaidi. Kupunguza uzito kunaeleweka, lakini mizani haitofautishi shahamu, maji na misuli, na mzee apunguzaye misuli amejidhuru. Isitoshe, mtu mzito katika lugha yetu ni mwenye heshima, na mja mzito ni mwenye mimba. Kupunguza mwili, msemo usikikao mijini, una upole fulani, ila unaacha swali la kilichopunguzwa. Kwa sasa tunapendekeza kupunguza shahamu katika maandishi ya tiba na kupunguza mwili katika mazungumzo na wagonjwa. Wasomaji wa Lamu, Pemba, Kigoma, Lubumbashi na kwingineko, ambako huenda likawapo neno la kumsifu aliyepungua kwa hiari na kwa afya, tunawaomba watuletee, pamoja na sentensi mbili tatu za matumizi yake.