Usiniulize Ilikuwa Siku ya Ngapi

"Daktari, jana tulikutana bila kinga, lakini ilikuwa siku ya nane. Niko salama, sivyo?"

Swali hili hunifikia kliniki, hunifikia kwa simu, hunifikia hata msibani. Kinachobadilika ni namba tu: mara siku ya nane, mara ya ishirini, mara "ndiyo kwanza nimemaliza hedhi". Jibu langu ni lilelile. Sijui, na wewe hujui. Kalenda ya ukutani haijui, wala ile programu ya simu iliyopambwa kwa maua.

Imani yenyewe tunaijua sote. Yai hutoka siku ya 14. Siku mbili tatu kabla na baada ya hapo ni za hatari, zilizobaki jinafasi. Watu wenye shahada zao hunieleza hivyo bila hata kupepesa macho. Tatizo ni kwamba hiyo 14 wameihesabu kutoka upande usio wake. Mwaka 1924 daktari wa Kijapani, Kyusaku Ogino, alieleza kwamba yai hutoka kati ya siku 12 na 16 kabla ya hedhi inayofuata. Inayofuata, si iliyopita. Muda wa kutoka yai mpaka damu haubadiliki sana. Unaorefuka na kufupika ni ule wa mwanzo, kabla yai halijatoka, na huvurugwa na ugonjwa, mawazo, kunyonyesha, au bila sababu yoyote unayoweza kuitaja. Kujua kwamba basi likishatoka Chalinze hutumia saa mbili kufika Dar hakukuambii litatoka Chalinze saa ngapi.

Tufanye hesabu basi, maana mnapenda hesabu. Mwanamke mwenye mzunguko wa siku 23 hutoa yai karibu na siku ya 9. Mbegu za kiume zinaweza kuishi ndani ya mwili wake hadi siku 5. Kwa hiyo tendo la siku ya 5, damu ikiwa ndiyo inamalizikia, laweza kumpa mimba. Mwenzake wa siku 35 hutoa yai karibu na siku ya 21, wakati kalenda ya mtaani imeshamtangazia usalama siku kadhaa nyuma. Na hao si lazima wawe wanawake wawili. Mtu mmoja anaweza kuwa na mzunguko mfupi mwezi huu na mrefu mwezi ujao.

"Lakini mimi sibadiliki, daktari. Mwezi kwa mwezi, kama saa." Hilo nalo nalitarajia kila mara. Nchini Marekani, Allen Wilcox na wenzake walifuatilia wanawake waliokuwa wakitafuta ujauzito, wakipima mkojo wao wa kila siku ili kujua yai limetoka lini. Matokeo ya 1995 yalionyesha kuwa mimba hutokana na tendo la ndani ya siku 6 zinazoishia siku yai linapotoka; uwezekano ni kama asilimia 10 siku ya mwanzo na hufika asilimia 33 siku ya mwisho. Mwaka 2000 wakatoa matokeo mengine: ni wanawake kama asilimia 30 tu ambao siku zao zote 6 za hatari zilikaa kati ya siku ya 10 na ya 17. Kuanzia siku ya 6 hadi ya 21, hapakuwa na siku hata moja ambayo uwezekano wa mwanamke kuwa katika siku za hatari ulishuka chini ya asilimia 10. Hata wenye mizunguko ya kawaida hawakutabirika.

Kuna wanaoniletea hoja ya shanga za uzazi wa mpango. Shanga ni njia halali, kwa mwenye mzunguko wa siku 26 hadi 32, na hukataza tendo bila kinga kuanzia siku ya 8 mpaka ya 19. Hizo ni siku 12 mfululizo, tena unazipanga kabla. Kalenda ya mtaani hukataza siku tano hadi saba, kisha huulizwa asubuhi ya pili yake.

Nakasirika kwa sababu faraja hiyo ya "siku salama" ina gharama. P2, kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, hufanya kazi kwa kuchelewesha yai lisitoke. Yai likishatoka, kidonge hakina la kufanya. Kila saa unayokaa ukihesabu vidole ni saa ambayo dawa ingekusaidia. Acha tarehe; hesabu saa zilizopita.

Haya, fanya hivi. P2 ni miligramu 1.5 za levonojestreli, ziwe kidonge kimoja au viwili. Viwili vimeze kwa pamoja. Meza leo, ndani ya saa 72. Hadi 120 bado yaweza kusaidia, lakini nguvu hupungua. Ukitapika ndani ya saa 2, rudia. Ulipristali, kidonge kingine cha dharura, ikipatikana, inafaa hadi saa 120. Kitanzi cha shaba kikiwekwa ndani ya siku 5 huzuia mimba kwa zaidi ya asilimia 99, na kitakukinga miaka 10. Hicho ndicho bora zaidi, hasa kwa mwenye uzito mkubwa au anayetumia rifampisini, efavirenzi au baadhi ya dawa za kifafa. Mwambie mtoa huduma dawa unazotumia. P2 haitoi mimba iliyokwisha kutungwa wala haileti ugumba. Haikingi tendo la kesho, na haizuii VVU: kama una wasiwasi huo, au ulilazimishwa, nenda hospitali sasa hivi, maana PEP, yaani dawa za kuzuia VVU baada ya tendo la hatari, nayo huanzwa ndani ya saa 72. Pima mimba baada ya wiki tatu, hata kama umeona matone ya damu.

Na kama unainunua P2 kila mwezi, wewe tayari uko kwenye uzazi wa mpango, ila umechagua njia dhaifu. Sindano, kijiti, vidonge vya kila siku na kitanzi hutolewa bila malipo katika vituo vya umma. Nenda na mwenzako. Yeye ndiye mara nyingi anayekuhakikishia kwamba leo ni siku salama.