Starlet ya Gungu na injini ya rotari

Kazi maarufu kuliko zote ya kubadili injini mkoani Kigoma haikufanywa kwenye gari. Ilifanywa kwenye meli. MV Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande na kupakiwa kwenye makasha yapatayo 5,000. Ikaletwa huku kwa reli ya kati na kuungwa upya ziwani, ikiwa na injini mbili za mvuke. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe isije ikatekwa, lakini kwanza walizipaka injini zake grisi nzito. Waingereza walipoiibua mwaka 1924 walikuta mitambo bado inafaa, na mwaka 1927 meli ikarudi kazini kwa injini zile zile. Ziliisukuma mpaka miaka ya 1970, ndipo zikang'olewa na dizeli ikapewa nafasi.

Naanza na Liemba kwa sababu kuna swali ambalo kila kijana mpenda magari huwa nalo siku moja: je, ile injini ya rotari ya Mazda, ndogo, nyepesi, yenye mlio wa kusisimua, haiwezi kufungwa kwenye Toyota Starlet ya zamani iliyoegeshwa uani hapa Gungu, Kigoma? Inawezekana. Sehemu nyingine duniani imefanyika mara nyingi, na kule Puerto Rico, Starlet na Corolla zenye rotari ni sehemu ya utamaduni mzima wa mbio za magari. Ila Liemba ilitoka kwenye mvuke ikaingia kwenye dizeli wakati dizeli ilikuwa imeshaenea kote, kwenye malori, matrekta na jenereta. Fundi wa dizeli alikuwepo. Mwenye Starlet anayetaka rotari anakwenda njia ya kinyume, anaacha injini ambayo kila gereji inaijua na kuchukua ambayo mafundi wengi hawajawahi kuifungua.

Nieleze kwanza inavyofanya kazi, maana hapo ndipo raha yake na taabu yake zinapotoka. Injini ya kawaida ina pistoni zinazopanda na kushuka, vali, kemshafti, na cheni au mkanda wa kuviendesha. Rotari haina hata kimoja kati ya hivyo. Ina rota yenye pembe tatu inayozunguka ndani ya jumba lenye umbo la namba nane nene. Kila ubavu wa rota unavuta hewa na mafuta, unabana, unachoma, unatoa moshi, kisha unaanza tena. Rota ikimaliza mzunguko mmoja, shafti imezunguka mara tatu. Wazo ni la Mjerumani Felix Wankel, na kampuni ya NSU iliiwasha injini ya kwanza ya aina hiyo mwaka 1957. Waliojaribu walikuwa wengi, wakakata tamaa. Mazda, chini ya mhandisi Kenichi Yamamoto, ikang'ang'ana: Cosmo Sport mwaka 1967, RX-7 kuanzia 1978, RX-8 kuanzia 2003 hadi 2012. Mwaka 1991 gari lake la rota nne, 787B, lilishinda mbio za saa 24 za Le Mans.

Sasa tuitazame Starlet. Ninayoizungumzia ni KP61, ya mwaka 1978 hadi 1984, ambayo bado inasukumwa na magurudumu ya nyuma. Injini yake ni 4K yenye kabureta, cc 1,290. Rotari ya Mazda iitwayo 13B ina cc 1,308. Kwa hesabu ya ujazo ni kama mapacha, lakini 4K haifikishi nguvu za farasi 80, na 13B ya RX-8 yenye nguvu zaidi ilitangazwa Japani kuwa na 250. Ndiyo maana watu hupagawa.

Kushusha 4K hakumsumbui fundi yeyote wa hapa. Chenibloku, jeki mbili, na watu wawili wanaoelewana vinatosha. (Tafadhali, chenibloku ifungwe kwenye fremu ya mabomba mazito. Tawi la mwembe huvunjika bila taarifa, na aliye chini ya injini ni mtoto wa mtu.) Rotari nayo ni fupi, hivyo inaweza kusogezwa nyuma karibu na ukuta wa kabini, na pua ya gari isielemewe. Kazi inaanza pale unapogundua kwamba mdomo wa giaboksi ya Toyota hauungani nayo. Itabidi uchukue giaboksi ya Mazda pamoja na injini. Shafti ya rotari hupita katikati ya injini, juu kuliko kreki ya 4K, kwa hiyo giaboksi nayo inakaa juu na sakafu lazima ikatwe na kuchomelewa upya. Propela inakatwa, inaungwa, na ni lazima isawazishwe kwa mashine, la sivyo itatetemesha gari zima. Difu ndogo ya KP61 haikuundwa kubeba nguvu hiyo. Breki pia. Mtu akiniambia ameweka rotari na kuacha breki za zamani, sipandi gari hilo kuteremka kuelekea ziwani.

Kinachoua rotari hasa ni joto. Kwenye injini ya pistoni, kila silinda inachoma kisha inapoozwa na hewa mpya inayoingia mahali pale pale. Kwenye rotari, upande mmoja wa jumba unachoma siku zote na mwingine unavuta hewa siku zote, kwa hiyo chuma kinatanuka bila usawa. Ikichemka mara moja kwa nguvu, sili za maji huungua na injini imekwisha. Rejeta ya Starlet haitoshi hata kidogo. Inatakiwa kubwa zaidi, pamoja na rejeta ya pili ya kupooza oili, kwa sababu sehemu kubwa ya joto la rotari hutoka kwa njia ya oili. Tena injini hii hula oili kwa makusudi: kiasi kidogo hunyunyizwa ndani ili kulainisha sili zilizo kwenye ncha za rota. Dereva aliyezoea kupima oili siku ya sevisi tu ataiua mapema. Na kwa mizunguko ya chini haina msukumo mkubwa, kwa hiyo mlima unataka gia ya chini na injini ipige kelele. Mafuta ya petroli nayo inayanywa vizuri.

Ukinunua ya mtumba, usikubali kuuziwa kwa kuisikiliza tu. Pima kompresheni mbele ya muuzaji. Kipimo cha kawaida kinashika namba ya ubavu wenye nguvu tu na kuficha mbovu, kwa sababu kila rota ina nyuso tatu. Toa kijivali cha kipimo kinachozuia upepo kurudi, zungusha injini kwa stata, uangalie mshale: uruke mara tatu kwa urefu ule ule. Ruko moja likiwa fupi, sili imechoka. Na ukichukua ya RX-8, chukua pia kompyuta yake na mkanda wake wote wa waya, bila kukatwa.

Usisahau kadi ya gari. Namba ya chesisi na namba ya injini zote mbili zimeandikwa humo, na injini ikibadilika taarifa ipelekwe TRA, pamoja na nyaraka za kuonyesha injini ilikotoka. Bila hivyo gari halitauzika, na bima inaweza kukukana siku ya ajali.

Mwenye fedha ya kununua injini mbili, moja ya kufunga na moja ya vipuri, na aliye tayari kuifungua ya pili mezani mpaka aielewe kabla ya kugusa gari, namwambia afanye. Gungu ipate fundi wake wa kwanza wa rotari. Mwingine yeyote aitafute 5K, iliyokuwa kwenye LiteAce na TownAce. Ni cc 1,486, ni ya ukoo mmoja na 4K, inaunganika na giaboksi ile ile, na fundi wa jirani ataiwasha bila kuuliza mtu.