Pimeni Kazi, Msimpime Mtu

Makampuni makubwa ya zama zetu hupenda kujinasibu kwamba milango yao i wazi kwa watu wa kila jinsi, kila rangi na kila hali ya mwili, na wengine huutia ukweli huo katika matendo. Lakini mwenye kutaka kupambanua dhamira na mapambo hana budi kuuliza suali moja: je, wakubwa wa kampuni hiyo wamepata kuzichunguza kazi zao, moja baada ya moja, wakajua kila kazi yadai nini hasa kwa mwenye kuifanya?

Jambo hilo lilifanywa zaidi ya miaka mia iliyopita katika viwanda vya magari vya Henry Ford, huko Detroit, Marekani. Ford mwenyewe alisimulia katika kitabu chake cha mwaka 1922, My Life and Work, kwamba kazi zote za kiwandani zilipoainishwa zilipatikana aina 7,882, na katika hizo 949 tu ndizo zilizotaka mtu wa nguvu nyingi na mwili usio na kasoro. Uchunguzi ukazidi kupekua, ikabainika kuwa kazi 670 zaweza kufanywa na mtu asiye na miguu yote miwili, 2,637 na mwenye mguu mmoja, 715 na mwenye mkono mmoja, 10 na asiyeona, na mbili na asiye na mikono kabisa. Yaani zaidi ya nusu ya kazi zote hazikuhitaji mwili uliokamilika. Kwa mujibu wa hesabu hiyo, watu 9,563 wenye upungufu wa mwili, mkubwa au mdogo, walikuwa wakifanya kazi humo, miongoni mwao 234 waliopoteza mguu mmoja na 37 wasiosikia wala kusema.

Mmoja wa wasioona alipelekwa ghalani kuhesabu bolti na nati za kupelekwa kwenye matawi ya kampuni, mahali palipokuwa tayari na watu wawili wenye macho yao. Hazikupita siku mbili ila msimamizi aliandika barua kuomba wale wawili wahamishiwe kazi nyingine, kwa kuwa yule asiyeona alimaliza kazi yake na ya wenziwe pia. Wala hakulipwa kwa kuhurumiwa: Ford alishikilia kwamba kumwajiri mtu kwa sababu ya ulemavu wake, kisha kumpunguzia ujira na kuridhika na kazi haba, ni kinyume cha makusudio yake. Hapo ndipo ilipo tafauti baina ya sadaka na haki, kwani apewaye sadaka hushukuru, na apewaye haki hupokea ujira wake akaenda zake kwa staha.

Hata hivyo, insafu yatudai tuutazame na upande wa pili. Januari 1914 kampuni hiyo ilitangaza ujira wa dola tano kwa siku, takriban mara mbili ya ule wa awali, lakini ili aupate kamili mfanyakazi alipaswa kuwapokea wakaguzi nyumbani kwake, wakamuuliza habari za ulevi, akiba na usafi wa vyumba vyake. Wahamiaji walitiwa katika skuli ya Kiingereza, na katika sherehe ya kuhitimu waliingia ndani ya chungu kikubwa kilichojengwa jukwaani wakiwa na mavazi ya kwao, wakatoka upande wa pili wamevaa suti za Kimarekani na kupepea bendera. Watu weusi waliajiriwa kwa wingi, lakini wengi wao waliishia kwenye moto wa kalibu za kuyeyushia chuma. Na tangu 1920 gazeti la Ford, Dearborn Independent, lilieneza chuki juu ya Mayahudi.

Kampuni hiyo basi ilipata ilipoipima kazi, ikakosea ilipompima mtu. Aliyekatika mguu hakuambiwa aoteshe mwingine, bali alitafutiwa kazi iliyoafikiana na hali yake; lakini mhamiaji aliambiwa aivue nafsi yake langoni ndipo aitwe mwenzetu.

Ibra hiyo yatuhusu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 ya Tanzania yamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kuwa asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu, na Katiba ya Kenya ya mwaka huo huo imeweka lengo la asilimia 5 katika nafasi za umma za kuchaguliwa na kuteuliwa. Ni sheria njema, lakini asilimia haiondoi ngazi mlangoni, wala haifuti katika tangazo la kazi ya uhasibu sharti la leseni ya udereva. Mambo hayo huondolewa na meneja aliyekaa na wasimamizi wake, akaiandika kila kazi na mahitaji yake ya kweli, kisha akawauliza wenye ulemavu wenyewe, na majirani wa mtaa kilipo kiwanda, ni kipi kinachowazuia kuingia. Na maadamu hajaifanya kazi hiyo, hana haki ya kumwambia mwombaji yeyote kwamba hapa hapana nafasi ya mtu kama yeye.