Hadhari kwa Mwenye Grenda

Mtu apitaye mitaa ya Gerezani, Dar es Salaam, au Kamukunji, Nairobi, asubuhi ya siku yo yote ya kazi, husikia mlio wa chuma kinachokatwa kabla hajakiona chuma chenyewe wala anayekikata. Na akigeuka kutazama, aghalabu humkuta kijana ameinama juu ya bomba la geti, cheche zikimmiminikia miguuni, naye ameikamata kwa mikono miwili, na pengine kwa mmoja tu, ile mashine ndogo ya umeme ambayo mafundi wetu huiita grenda. Ni chache sana grili za madirisha, milango ya maduka na mageti ya nyumba zilizotengenezwa katika miji yetu zama hizi pasipo kupita chini ya mashine hii. Haina umri mkubwa duniani: ilikuwa mwaka 1954 ambapo kampuni ya Kijerumani ya Ackermann + Schmitt, ijulikanayo zaidi kwa jina la FLEX, ilileta sokoni grenda ya pembe ya kasi kubwa, na tangu hapo kazi ambayo mhunzi aliifanya kwa msumeno wa chuma na tupa kwa muda wa asubuhi nzima ikawa kazi ya dakika chache. Manufaa hayo hayana ubishi. Ila katika karakana zetu kasi ya mashine imepokelewa kwa furaha, na masharti ya kasi hiyo yameachwa mlangoni. Na kwa sababu hiyo nimeona ni wajibu kuyaeleza masharti hayo kwa urefu kidogo, si kwa mafundi peke yao, bali kwa kila mwenye nyumba aliyenunua grenda ili ajikatie nondo mwenyewe.

Wengi huiogopa mota kwa sababu ndiyo inayonguruma, hali kinachostahili kuogopwa ni diski. Grenda ndogo, ile ichukuayo diski ya milimita 115, huzungusha diski hiyo kiasi cha mara 11,000 kwa dakika moja. Na mtu akipiga hesabu ya mzingo wa diski hiyo, ambao ni sentimita 36 na ushei, ataona kwamba ukingo wake hukimbia mita 66 katika kila sekunde, yaani zaidi ya kilomita 230 kwa saa. Diski yenyewe si chuma. Ni chembe za madini makali, zilizogandishwa kwa utomvu wa viwandani na kutiwa ndani yake nyavu za nyuzi za kioo ili zishikane. Na kitu cha namna hiyo, kikizungushwa kwa kasi kama hiyo, hakipindi wala hakinyumbuki kinapozidiwa, bali hupasuka, na vipande vyake huondoka kwa kasi ile ile ambayo ukingo ulikuwa nayo. Uso wa fundi aghalabu hauko mbali nacho hata kwa urefu wa mkono.

Kwa hiyo waliounda mashine waliweka kinga, ile kava ya chuma ya nusu duara izungukayo diski upande unaomwelekea mtu, ili diski ikipasuka vipande vigonge chuma badala ya kifua. Na kinga hiyo ndiyo kitu cha kwanza kung'olewa. Sababu zitolewazo nazijua na sizidharau: kwamba inaziba mstari uliochorwa kwa chaki, kwamba haiingii katika pembe ya fremu, kwamba inapata joto. Lakini iko sababu nyingine ambayo hutajwa kwa nadra nayo ni kubwa kuliko zote, kwamba kinga ikiondoka nafasi hupatikana ya kufunga diski kubwa kuliko ile iliyokusudiwa, na fundi akakata bomba nene kwa mashine ndogo. Hapo hatari huwa mbili kwa pamoja. Diski za kawaida za kukatia chuma huundwa ziweze kustahimili kasi ya ukingo isiyozidi mita 80 kwa sekunde. Ndiyo maana diski ya milimita 230 huandikwa usoni kwamba isizungushwe zaidi ya mara 6,600 na kitu kwa dakika, na grenda kubwa zilizoundwa kwa ajili yake huzunguka polepole kwa kiasi hicho. Ukiifunga diski hiyo kwenye grenda ndogo ya mizunguko 11,000, ukingo wake utakimbia mita 132 kwa sekunde. Na kwa kuwa nguvu ya kuipasua diski hukua kwa kipeo cha pili cha kasi, diski itakuwa imebebeshwa zaidi ya mara mbili na nusu ya mzigo ilioandikiwa. Hapana ustadi wa mkono uwezao kuizuia diski hiyo isipasuke, na aliyeifunga amekwisha kuing'oa kinga ambayo ingemsitiri.

Basi kabla ya kufunga diski yo yote, isomwe. Idadi ya mizunguko iliyoandikwa juu yake lazima iwe sawa na ile ya mashine au iizidi. Ikipungua, diski hiyo si ya mashine hiyo, hata ikiwa tundu lake la kati limelingana barabara. Pete ya chuma iliyozunguka tundu hilo huchapwa mwezi na mwaka, na wauzaji wachache humwonyesha mnunuzi: ndio mwisho wa matumizi yake, ambao kwa diski za utomvu huwekwa kuwa miaka mitatu tangu kuundwa, kwa maana utomvu huchoka, na unyevunyevu wa pwani na magunia yaliyowekwa sakafuni huuchosha mapema zaidi. Diski iliyoanguka juu ya saruji, iliyolowa, au iliyopinda isifungwe, hata kama ufa hauonekani kwa macho. Diski nyembamba ya kukatia, yenye unene wa milimita 1 hadi 3, isilazwe ubavu ili kulainisha maungio ya kuchomelea, kwa sababu imejengwa ibebe nguvu kwa ukingo tu. Kazi ya kulainisha ni ya diski nene, ya milimita 6 hivi, ambayo huinamishwa kidogo juu ya chuma. Diski mpya ikishafungwa iachwe izunguke bure kwa muda wa dakika moja, mashine ikiwa imeelekezwa mbali na watu, kwa kuwa yenye kasoro aghalabu huidhihirisha kasoro yake katika dakika hiyo.

Nasema kwa mkazo juu ya diski za meno, zile za msumeno wa mbao, ambazo maseremala wengi huzifunga katika grenda ili kukata mbao au kuchonga kiti. Waundaji wa grenda huzikataza, nao wana haki. Jino likinasa katika ubao, mashine hurushwa nyuma ghafla, na mtu hana muda hata wa kulegeza kidole kilichobonyeza swichi. Meno hayo yakifika mkononi au pajani hukata mishipa.

Kurushwa huko si kwa diski za meno peke yake. Bomba lililoegemezwa ncha zote mbili na kukatwa katikati huinama kwa uzito wake, mkato ukajifunga, diski ikabanwa, na nguvu yote ya mota ikamrudia mshikaji. Dawa yake ni kwamba upande unaokatika uachwe uning'inie, kitu kinachokatwa kifungwe imara katika jiliwa au kwa vibanio, mpini wa pembeni usifunguliwe kamwe, na mtu asisimame katika mstari mmoja na diski bali ajitenge kando. Yupo fundi ambaye hukanyaga bomba kwa mguu wa kushoto, ndala mguuni, akakata sentimita chache kutoka kidoleni. Naye amefanya hivyo miaka mingi pasipo kudhurika, na vijana wake hujifunza kwake. Kusalimika kwake si hoja. Mwalimu wa kazi hupimwa kwa yale yatakayompata mwanafunzi asiye na wepesi wake wa mkono.

Mavazi nayo yana sheria yake, tena fupi: mikono mirefu iliyobana, viatu vilivyofunika vidole, glavu za ngozi wala si zile za nyuzi zinazonasa, na mtandio, kikoi, mnyororo wa shingo au shati lililofunguliwa vifungo viwekwe mbali.

Sasa nageukia umeme kwa jambo moja ambalo huwahusu watu wa nchi zetu kuliko wengine. Grenda nyingi zina swichi iwezayo kufungwa isimame katika hali ya kuwaka. Umeme ukikatika fundi huweka mashine chini, akaenda kunywa chai, na swichi imebaki ilivyo. Umeme ukirejea, mashine huwaka peke yake, ikaruka juu ya meza au sakafu pasipo mtu wa kuishika. Kwa hiyo umeme ukatikapo, swichi izimwe na plagi ichomolewe palepale. Na diski isibadilishwe kamwe mashine ikiwa imechomekwa, kwa kuwa mkono ulioshika spana ni mkono ulio juu ya diski.

Yote hayo ni makubwa, lakini jeraha ambalo karakana zetu zimelizoea hata zikaacha kuliita jeraha ni lile la jicho. Chembe ya chuma itokayo katika diski huwa ya moto. Ikitua juu ya konea, yaani kile kioo angavu cha mbele ya jicho, hujichomeka, na kwa kuwa ni chuma na jicho lina maji, katika muda wa saa chache huanza kutoa kutu ambayo huizunguka kama pete na kuingia katika nyama ya kioo chenyewe. Ndipo mgonjwa huketi juu ya ndoo, na mwenzake akamfungua kope kwa vidole vya kazi na kuichokoa chembe kwa njiti ya kiberiti au ncha ya leso. Mara nyingi chembe hutoka. Kutu hubaki, na mchubuko uliofanywa na njiti huwa mlango wa vijidudu, na kidonda cha konea kikipona huacha kovu ambalo miwani haiwezi kulisahihisha. Baya zaidi ni chembe ndogo iliyopenya mpaka ndani, ambayo pengine haiumi sana: mtu hupangusa chozi akaendelea na kazi, hali chuma kinayeyuka polepole ndani ya jicho na kuitia sumu retina kwa miezi. Kwa hiyo aliyehisi kitu kimempiga jichoni, hasa ikiwa kuona kwake kumepungua au mboni imebadili umbo, asilisugue, asilibonyeze wala asiruhusu mtu kulichokoa; alifunike kwa kitu kigumu kisichogusa jicho, mathalan kitako cha kikombe cha karatasi, aende hospitali yenye daktari wa macho siku iyo hiyo. Na miwani ya jua inayouzwa barabarani si kinga. Inayotakiwa ni miwani ya kazi iliyoziba pande zote, na juu yake ngao ya uso, kwa maana ngao peke yake huacha njia ya chini ambayo cheche huipitia. Anayeshika bomba kusaidia, na mtoto aliyesimama kutazama, wana macho pia.

Masikio huharibika kwa upole zaidi. Mlio wa grenda juu ya chuma hufika desibeli 100 kwa urahisi, na kwa kipimo kitumiwacho na wataalamu wengi wa afya ya kazini, ambacho huruhusu desibeli 85 kwa saa nane na kuukata muda kwa nusu kila zinapoongezeka desibeli tatu, sikio lisilozibwa lingestahimili mlio huo kwa robo saa tu kwa siku. Vizibo vya masikio ni vitu vya bei ndogo. Mapafu nayo yana hatari yake: vumbi la vigae, zege na matofali ya saruji na mchanga yakatwayo kwa grenda lina silika, ambayo hukaa mapafuni isitoke tena. Barakoa ya kitambaa haiizuii.

Kuhusu cheche, tahadhari moja naitanguliza mbele ya zote: pipa lililowahi kutiwa petroli, thina au mafuta lisikatwe kwa grenda ati kwa sababu ni tupu. Utupu huo ndio hatari, kwa kuwa kilichobaki ndani ni mvuke uliochanganyika na hewa, na cheche moja hutosha kulipua pipa zima.

Tanzania ina sheria ya usalama na afya mahali pa kazi tangu mwaka 2003, na Kenya tangu mwaka 2007, na zote mbili humwajibisha mwenye kazi kumpatia mfanyakazi vifaa vya kujikinga. Mfuko wa fidia kwa wafanyakazi upo pia Tanzania, kwa sheria ya mwaka 2008. Lakini kijana wa karakana ya kando ya barabara, ambaye jina lake halimo katika daftari lo lote la ajira, huyapata hayo kwa shida mno, na jicho lake likipotea limepotea kwa hasara yake mwenyewe. Kwa ajili yake nawasihi watu wawili. Wewe mwenye karakana, nunua miwani kabla ya kununua rangi ya bango lako, na umfukuze mezani yule asiyeivaa, hata akiwa ndiye hodari wako. Nawe mteja unayetaka geti lako Ijumaa, usimharakishe fundi hadi aone kinga kuwa ni kikwazo. Na ukiwa ndiwe uliyemwajiri nyumbani kwako, itazame mashine yake kabla hajaiwasha. Grenda isiyo na kinga haifai kuuzwa, kuazimwa wala kuwashwa.