Sukari Isiyoshuka na Kazi ya Mwenza

Mtu akishaishi na kisukari cha aina ya pili miaka kadhaa, na kila akipima asubuhi anakuta 12 au 14 (mmol/L), nyumbani huanza msako. Mifuko ya shati inapekuliwa kutafuta ganda la biskuti, na soda aliyokunywa harusini inajadiliwa hadi kitandani. Hukumu inakuwa imeshatoka: hajitunzi. Pengine ni kweli. Lakini utafiti mkubwa ulioanza Uingereza mwaka 1977, uliofuatilia wagonjwa zaidi ya 5,000 tangu walipogundulika, ulionyesha jambo ambalo kila mume au mke wa mgonjwa angepaswa kuelezwa mapema: uwezo wa kongosho kutoa insulini huzidi kupungua mwaka hadi mwaka, hata kwa mtu anayefuata masharti. Baada ya miaka 3, karibu nusu tu ya wagonjwa ndio waliofikia lengo kwa dawa ya aina moja. Ilipofika miaka 9 walibaki kama robo. Kwa hiyo sukari iliyopanda mwaka huu inaweza kuwa inadai dawa ya pili, au sindano ya insulini, huku wenye nyumba wakigombania vijiko viwili vya sukari kwenye chai.

Ndiyo maana nashikilia kwamba mwenza anayejifanya askari wa sahani anaipa mgongo kazi yake halisi. Nchini Marekani, Mary Ann Stephens na wenzake waliwaomba wagonjwa na wenzi wao waandike kila siku yaliyopita kati yao kuhusu chakula. Siku mwenza alipomuunga mkono, mgonjwa alifuata mlo vizuri zaidi. Siku alipobanwa, alifuata vibaya. Mtu anaweza kuuliza kama si ulaji mbaya uliosababisha huko kubanwa. Swali ni la haki, na utafiti wa namna hiyo haulimalizi. Ila kliniki za kisukari zinaijua tabia ya mtu aliyezoea kusomewa mashtaka: huanza kuficha, kwanza chakula, kisha namba. Anaandika 7 kwenye daftari wakati mashine ilisoma 13, na daktari anapanga dozi kwa kufuata daftari. Kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari kwa takribani miezi 3, hatimaye humfichua, lakini miezi hiyo imeshapotea.

Wapo watakaosema: nikinyamaza atakula mpaka afe. Sisemi anyamaze. Nasema abadilishe chungu kwanza, maneno yafuate. Ugali wa dona wa kiasi, nusu ya sahani mboga za majani, maharage au samaki, na maji badala ya juisi ni chakula cha kila mtu mezani, watoto wakiwemo. Anayepikiwa peke yake hujiona mfungwa. Tena mpishi mwenyewe hayuko salama: uchambuzi wa tafiti mbalimbali uliotolewa Kanada mwaka 2014 ulikuta kwamba mtu ambaye mwenza wake ana kisukari ana hatari iliyozidi kwa asilimia 26 ya kuupata na yeye. Na pale mgonjwa anapokuwa mke, mume aangalie nani anapakua. Mara nyingi mama anajichoma insulini, anahudumia wote, halafu anakula mwisho kilichobaki, wakati dawa ilishaanza kufanya kazi tumbo likiwa tupu.

Kazi ambayo mgonjwa hawezi kuifanya vizuri peke yake ni kuangalia miguu. Sukari iliyokaa juu muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu, na mguu unakufa ganzi. Dk. Zulfiqarali Abbas na wenzake wa Dar es Salaam wameandika juu ya wagonjwa walioumwa na panya miguuni wakiwa wamelala, wasihisi chochote, wakaja kugundua asubuhi. Mwenye macho mazima achukue tochi kila jioni, atazame unyayo, kisigino na katikati ya vidole, panapobaki unyevunyevu baada ya kuoga. Anatafuta mchubuko, lengelenge, weusi, sugu iliyopasuka, ngozi yenye joto kuliko ya mguu wa pili. Akikuta kidonda, hata kidogo na kisichouma, ni cha kupelekwa hospitali siku hiyohiyo. Kutouma ndiko kunakopaswa kumtisha.

Kazi nyingine ni ya usiku, kwa sababu kuishusha sukari mno nako kuna hatari yake. Utafiti wa Marekani na Kanada uliohusisha wagonjwa zaidi ya 10,000 ulisimamisha mwaka 2008 mpango wake wa kuishusha sukari kwa nguvu kupita kiasi, kwa sababu waliowekwa kwenye mpango huo walikuwa wakifa zaidi. Anayetumia insulini au vidonge vya glibenklamidi anaweza kushukiwa na sukari akiwa usingizini: shuka linalowa jasho, anatetemeka, anaongea ovyo, anakuwa mkali bila sababu. Ikiwa chini ya 4, na bado anaweza kumeza, apewe vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye maji, apimwe tena baada ya dakika 15, kisha ale. Akiwa amezimia asitiwe kitu mdomoni. Alazwe ubavu, akimbizwe hospitali. Nyumba iliyofukuza sukari yote kwa nia njema itahangaika kuitafuta saa 9 usiku.

Yote haya ni mzigo, na anayeubeba ana haki ya kusema amechoka na kusaidiwa na watoto wakubwa au ndugu. Palipo na faida ya haraka zaidi ni kliniki. Mgonjwa akiridhia, mwenza aingie naye chumbani badala ya kumsubiri kwenye benchi, wabebe daftari lenye namba za kweli na dawa zote, za mitishamba pia, na wamuulize daktari: lengo la huyu ni ngapi, na kama hatulifikii baada ya miezi 3, tunabadilisha dawa gani?