Viatu vya Gikomba, Upepo wa Ngong

Mgeni akiuliza atembee wapi Nairobi, huelekezwa sokoni siku moja na milimani siku nyingine, kana kwamba ni miji miwili. Kwangu ni safari moja, na inaanzia miguuni. Viatu vipya vya kupandia mlima huuzwa dukani kwa bei ya kumfanya mtu apende kukaa nyumbani. Katika soko la mitumba la Gikomba utavipata kwa sehemu ndogo ya bei hiyo, na vingine vimeshapanda milima ya Ulaya, kwa hiyo vina uzoefu kumshinda mnunuzi.

Nenda asubuhi, belo zinapofunguliwa. Nguo na viatu vya chaguo la kwanza huitwa kamera. Vinavyobaki mikono yote ikishapita ni fagia, na jina linajieleza. Pesa ya kununulia iwe mfuko wa mbele, nauli uifiche pengine. Mkokoteni hauna breki na anayeusukuma analijua hilo. Ukisikia mluzi nyuma yako, pisha kwanza, ukasirike baadaye.

Kiatu kikague kama anayenunua ng'ombe. Mng'ao usikudanganye, maana vyote vimeoshwa na kupigwa rangi. Pitisha ukucha kati ya soli na ngozi, kisha kikunje kwa nguvu uone kama panaachana. Kikinuka gundi, kimetoka kwa fundi juzi. Mimi sikukikunja. Muuzaji aliniita bosi mara tatu, nikaona haya kumshuku mtu anayeniheshimu kiasi hicho. Soli ya kulia ilibanduka nikiwa juu ya vilima vya Ngong, nikateremka nimeifunga kwa kamba ya begi, nikipishwa na watoto wa shule waliovaa raba.

Ndiyo maana sasa kila kiatu nakijaribia Karura kwanza. Ni msitu wa zaidi ya hekta 1,000 katikati ya majumba, wenye maporomoko ya maji, mapango waliyojifichia Mau Mau, na makutano ya njia yaliyopigwa namba, hivyo kupotea humo kunahitaji juhudi. Miaka ya 1990 vipande vyake vilikuwa vikigawiwa wajenzi, na Januari 1999 mwanamazingira Wangari Maathai na wenzake walishambuliwa walipokwenda kupanda miti kuupinga ugawaji huo. Wapo wanaolalamikia kiingilio. Sijamsikia hata mmoja akilalamika akiwa kivulini.

Kiatu kikimaliza Karura salama, panda matatu namba 111 hadi mji wa Ngong, kisha bodaboda hadi lango la vilima. Safu ile inafika karibu mita 2,460, na aliyetoka Mombasa jana ataisikia kifuani kabla ya miguuni. Chukua askari wa msitu akusindikize, hasa ukinuia kuvuka vilima vyote: nyati wapo, na visa vya wizi viliwahi kuwapo. Juu kabisa upande mmoja unaona jiji, upande wa pili Bonde la Ufa, na upepo unaozungusha mapangaboi ya kuzalisha umeme hauchagui kofia ya mtu.

Anza mapema, ushuke kabla ya saa tisa. Mvua ya Ngong haibishi hodi, na tone la kwanza likianguka nauli ya kurudi mjini inapanda.